Kila rodi na kiu yake: kupanga na kutunza rodi za kuchomelea kwenye karakana ya nyumbani

Rodi ikianza kutema cheche ovyo na kuacha mshono wenye vitundu, ushauri unaotolewa haraka ni mmoja: "Zimeshika unyevu, zikaushe." Ushauri huo unaifaa aina moja ya rodi, aina ya pili unaisaidia kidogo tu, na ya tatu unaiua kabisa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kufuata maelekezo yaleyale, mmoja akapata rodi nzuri na mwenzake akapata vijiti vya kutupa. Kabla ya kununua sanduku, kukata bomba au kuwasha oveni, inabidi kujua unachokihifadhi ni nini hasa.

Kinachotunzwa ni ganda

Waya wa katikati hauna tabu. Ni chuma laini, na usiposhika kutu utadumu miaka. Ganda la unga linaloufunika waya huo ndilo lenye kazi nyingi: linatoa gesi ya kuikinga chuma iliyoyeyuka isiguswe na hewa, linatengeneza slagi (gamba gumu la taka) ya kuufunika mshono unapopoa, linatuliza tao la umeme (mwali unaoruka kati ya rodi na chuma), na mara nyingine linaongeza unga wa chuma. Unga wote huo umegandishwa pamoja kwa silikati ya sodiamu au ya potasiamu, na silikati hizo hupenda maji. Rodi ikikaa kwenye hewa yenye unyevu, ganda huvuta maji polepole, saa baada ya saa, hata kama hakuna tone lililolidondokea.

Kiasi cha maji ambacho ganda linastahimili kinategemea limetengenezwa kwa nini. Hapo ndipo namba zilizochapwa kwenye rodi zinapokuwa na maana. Katika mfumo wa AWS, chama cha uchomeleaji cha Marekani, tuseme E7018, namba mbili za mwanzo ni nguvu ya mshono: 70 maana yake pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, karibu megapaskali 480. Namba ya tatu ni mkao wa kuchomelea, na 1 ni mikao yote. Anayehifadhi aangalie mbili za mwisho zikisomwa pamoja, kwa sababu ndizo zinazotaja aina ya ganda na aina ya umeme.

E6010 na E6011 ni rodi za selulosi. Ganda lake lina unga wa mimea, na limetengenezwa likiwa na maji ndani kwa makusudi, takriban asilimia 3 hadi 7 ya uzito wake. Maji hayo na selulosi hugeuka gesi kwenye tao, na gesi hiyo ndiyo inayolipa tao msukumo wa kuchimba chuma kwa kina. Ukiyakausha maji hayo umeiondolea rodi nguvu yake: tao linayumba na vitundu vinajitokeza, ingawa uliikausha ili kuvizuia.

E6013 ni rodi ya rutili, yaani madini ya titania, na ndiyo inayopatikana zaidi katika karakana za nyumbani. Inastahimili. Ikishika unyevu kiasi itakuonyesha kwa cheche nyingi na slagi inayong'ang'ania, lakini mara nyingi bado inafanya kazi, na ikikaushwa kwa joto la wastani hurudi katika hali yake. E7014 inafanana nayo kwa tabia hii.

E7018 ni habari nyingine kabisa. Hii ni rodi ya haidrojeni kidogo, ganda lake lina chokaa na kalsiamu floraidi, na thamani yake yote iko kwenye ukavu. Maji katika ganda la E7018 ya kawaida hayatakiwi kuzidi asilimia 0.6 inapotoka kiwandani. Linganisha na zile asilimia 3 hadi 7 za selulosi, utaona kwa nini aina hizi mbili haziwezi kutunzwa sanduku moja.

Kwa rodi zenye alama za kiwango cha kimataifa cha ISO 2560, mfumo A, tafuta herufi badala ya namba: C ni selulosi, R au RR ni rutili, B ni aina ya E7018. Rodi za stenlesi, kama E308L-16 au E316L-16, nazo huharibika kwa unyevu na huonyesha vitundu mapema. Zitunze kwenye ukavu sawa na B, lakini joto la kuzikausha lisome kwenye pakiti yake.

Unyevu unafanya nini ndani ya mshono

Joto la tao huyavunja maji yakawa oksijeni na haidrojeni. Atomi ya haidrojeni ni ndogo sana, nayo huingia kwa urahisi kwenye chuma iliyoyeyuka. Mshono unapopoa, chuma ngumu haiwezi kuibeba haidrojeni yote. Sehemu hutoka, sehemu hunaswa. Inayotoka haraka huacha vitundu unavyoviona. Inayonaswa haionekani, na hiyo ndiyo ya kuogopa.

Haidrojeni iliyonaswa husogea taratibu hadi pembeni mwa mshono, mahali ambapo chuma ilipashwa joto ikapoa ghafla na kuwa ngumu. Chuma hapo ikiwa ngumu vya kutosha na ikiwa inavutwa na mshono uliosinyaa, hupasuka. Ufa huu hutokea chuma ikishapoa, pengine baada ya saa chache, pengine baada ya siku moja au mbili. Unaweza kuanzia chini ya mshono, ambako jicho halifiki.

Ili ufa huo utokee lazima mambo yakutane: haidrojeni, chuma gumu na mvuto. Bomba jembamba la mraba la chuma laini, unene wa milimita 2, haligeuki gumu kiasi hicho. Kwa hiyo kwa dirisha, rafu au meza, E7018 iliyolala nje mwezi mzima haitaleta maafa, ingawa mshono unaweza kuwa mchafu. Hali inabadilika unapochomelea bamba nene, chuma chenye kaboni nyingi, ndoano ya kuvutia trela, chasisi, au kitu chochote ambacho mtu atasimama chini yake. Hapo rodi yenye unyevu ni hatari, na uzuri wa mshono kwa macho hauthibitishi chochote.

Kupanga kabla ya kuhifadhi

Tenga kwanza kwa aina ya ganda, kisha kwa kipenyo. Watu wengi hufanya kinyume: rodi zote za milimita 2.5 mkebe mmoja, zote za 3.2 mkebe wa pili. Kupanga hivyo kunaonekana nadhifu, lakini selulosi na E7018 zitajikuta pamoja, na kuna siku utachomoa isiyo yake, kwani ganda la kijivu la rodi moja linafanana sana na la nyingine.

Kila rodi ina maandishi karibu na upande usio na ganda, ule unaobanwa na kishikio. Maandishi yakifutika, rodi hiyo haina jina tena. Usibahatishe kwa rangi, maana kila mtengenezaji ana rangi zake. Rodi zisizo na jina zipeleke kwenye kopo la mazoezi, zisitumike kwenye kazi inayobeba uzito.

Juu ya kila chombo andika kwa kalamu isiyofutika: namba ya rodi, kipenyo, umeme unaotakiwa, ampea, tarehe pakiti ilipofunguliwa, na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti. Ampea na umeme zinastahili nafasi hapo kwa sababu pakiti ya karatasi huishia kupotea. Kwa mfano: "E6013, 2.5 mm, AC au DC, 60–90 A", au "E7018, 3.2 mm, DC+, 100–140 A". AC ni umeme mbadala, DC ni umeme wa mkondo mmoja, na DC+ maana yake rodi iunganishwe upande chanya. Ukiwa na kiwango cha mtengenezaji, andika hicho badala ya hivi. E6010 andika DC+ kwa herufi kubwa, kwa kuwa haijatengenezwa kwa mashine ya AC. E6011 ndiyo ndugu yake inayowaka kwa AC.

Namba ya toleo ina kazi yake. Rodi zikianza kuleta shida, utajua kama ni pakiti ile moja au ni namna unavyozitunza.

Bomba la PVC, chombo kinachotosha wengi

Kwa rodi za rutili, chombo kizuri na rahisi ni bomba la PVC la inchi 2. Rodi nyingi za 2.5 na 3.2 zina urefu wa milimita 350, kwa hiyo kata bomba sentimita 40. Kwa rodi za milimita 450 kata sentimita 50. Mwisho mmoja gundisha kifuniko cha kudumu. Mwisho wa pili gundisha soketi ya nyuzi na kizibo cha kufungua kwa kuzungusha chenye mpira wa kuziba. Kifuniko cha kusukuma tu hakitoshi, kwani hupitisha hewa kila joto linapopanda na kushuka. Chini ndani weka kipande cha sponji au mpira.

Bomba hilo linabeba kama rodi 50 za 3.2, sawa na kilo moja na nusu hivi. Usizishindilie, zinakwaruzana na ganda linamegeka zinapochomolewa. Lilaze bomba, na upande usio na ganda uelekee mdomoni. Hivyo maandishi yanasomeka bila kuitoa rodi, vidole havigusi ganda, na ncha ya kuwashia haibebi uzito. Ncha hiyo ikimegeka, sekunde za kwanza za tao hazina kinga na mshono unaanza na vitundu.

Silika jeli, yaani punje zinazonyonya unyevu, inasaidia, mradi ieleweke kazi yake. Bomba hilo lina karibu lita 0.8 za hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina kama miligramu 24 za maji kwa lita, kwa hiyo kila unapofungua unaingiza kama miligramu 19. Gramu 20 za silika jeli zinaweza kumeza karibu gramu 4, sawa na kufungua mara mia mbili. Ikijaa kabla ya hapo, basi kizibo kinavuja. Rekebisha kizibo badala ya kuongeza silika. Ile yenye rangi hukuonyesha imejaa kwa kubadilika, na ikipashwa nyuzi 120 kwa saa moja au mbili hurudi kazini.

Silika jeli hukausha hewa iliyo kwenye bomba. Maji yaliyokwisha kushikana na silikati ya ganda hayatolewi nayo. Rodi iliyoingia bombani na unyevu haitageuka kavu kwa kukaa humo.

Kwenye bomba la selulosi usiweke silika jeli kabisa. E6010 na E6011 ziache kwenye kopo lake la asili au bomba lililofungwa, joto la kawaida la chumba, mbali na oveni na balbu.

Tahadhari moja zaidi: PVC hulegea kwenye joto lisilofika hata nyuzi 100. Rodi zilizotoka kwenye oveni zipoe kwanza, au ziwekwe kwenye bomba la chuma.

Kabati yenye balbu

Kama una rodi nyingi za rutili, kabati yenye joto dogo inafanya kazi vizuri kwa sababu ya hesabu rahisi ya hewa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 40 bila kuongeza maji, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 41. Maji ni yaleyale, ila hewa yenye joto ina nafasi zaidi ya kuyabeba na haiyasukumi kwenye ganda.

Friji iliyokufa hutumika sana kwa hili kwa kuwa ina mpira mzuri mlangoni. Balbu ya waya wa moto ya wati 40 hadi 60 inatosha. Balbu ya LED haitoi joto la maana. Tatizo ni kwamba kuta za ndani ni plastiki na nyuma yake kuna povu linaloshika moto. Balbu ikae ndani ya kikapu cha waya, angalau sentimita 15 kutoka kwenye plastiki, juu yake pasiwe na karatasi wala katoni, na kipimajoto kiwe ndani muda wote. Ongeza swichi ya joto inayozima ikifika nyuzi 50. Mabomba ya gesi ya friji usiyakate. Kitasa kinachojifunga kiondolewe ili mtoto asije akanaswa humo.

Kabati hii isikudanganye kwamba imeimudu E7018. Kanuni ya AWS D1.1, ya kuchomelea miundo ya chuma, inataka rodi za haidrojeni kidogo, zikishatoka kwenye kopo lisilopitisha hewa, zikae kwenye oveni ya nyuzi 120 au zaidi. Balbu haifiki huko.

E7018 bila oveni ya kiwandani

Kwa kanuni hiyo hiyo, E7018 ya kawaida inaruhusiwa kukaa nje kwa muda usiozidi saa 4. Ikiwa na herufi R mwishoni, maana ganda lake limetengenezwa kustahimili unyevu zaidi, inaruhusiwa saa 9. Alama kama H4 haizungumzii muda. Inasema haidrojeni inayobaki haizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za chuma ya mshono.

Saa 4 ni fupi kwa mtu anayechomelea Jumamosi tu. Ndiyo sababu uamuzi mkubwa wa kutunza E7018 hufanyika dukani: nunua pakiti ndogo, kilo moja au pakiti iliyonyonywa hewa, hata kama kilo 5 zina unafuu wa bei. Kilo moja ya 3.2 ina kama rodi 30. Kwenye pakiti iliyonyonywa hewa, hakikisha karatasi yake imebana rodi. Ikilegea, hewa imeshaingia. Fungua siku ya kazi muhimu, tumia unachohitaji, na zilizobaki ziandike "kazi nyepesi" na uzihamishie bomba la pili. Zikishahamia huko zisirudi nyuma.

Ukitaka kuzioka upya, D1.1 inataka kati ya nyuzi 260 na 430 kwa muda usiopungua saa 2, na watengenezaji wengi hutaja karibu 350. Oveni nyingi za jikoni huishia 250, kwa hiyo hazifai. Kuzianika juani hakusaidii pia, kwa sababu jua halifiki popote karibu na joto la kuyatoa maji yaliyoshikana na silikati. Tanuri dogo la umeme la ufinyanzi linaweza, likiwa na kipimajoto cha kuaminika. Zitoe rodi kwenye pakiti, zitandaze safu moja au mbili kwenye sinia la chuma, ziweke tanuri likiwa chini ya nusu ya joto la mwisho, ziache humo nusu saa, kisha pandisha polepole. Ukizitumbukiza kwenye joto kali, mvuke hujaa ndani ya ganda na kulipasua. Zipoe tanurini hadi kama nyuzi 120, ndipo ziende kwenye chombo cha chuma. Kuoka ni mara moja tu. Rodi iliyooshwa na maji haiokwi, inatupwa.

E6013 ni rahisi zaidi: nyuzi 150 kwa nusu saa hivi zinatosha, na oveni ya kawaida inafika huko. Iwe oveni ya karakana, isiwe ile ya kupikia chakula. Unga wa ganda una madini na floraidi ambazo hazitakiwi kwenye mkate.

Mahali pa kuweka

Sakafu ya zege ni baridi usiku na hutoa unyevu. Inua kila kitu angalau sentimita 10 kwa mbao na uache nafasi ukutani. Rodi zikitoka sehemu ya baridi kwenda penye joto na unyevu, ziache na pakiti yake imefungwa hadi zilingane na joto la chumba, vinginevyo umande utatua moja kwa moja kwenye ganda. Pakiti usiangushe: ganda hupasuka ndani bila pakiti kuonyesha alama. Rodi iliyopinda pia usiinyooshe kwa matumizi ya maana, kwa kuwa pale ilipopinda ganda limeachana na waya.

Kuitambua iliyoharibika

Shika rodi tatu au nne uzitikise pamoja. Zilizo kavu hulia kama chuma, zenye unyevu hutoa mlio mfu. Angalia ganda: unga mweupe kama chumvi ni dalili ya silikati iliyokutana na maji na hewa kwa muda mrefu. Kutu kwenye upande usio na ganda inaweza kufutwa, lakini kutu inayochungulia katikati ya ganda maana yake rodi imekwisha. Kwenye tao, sikiliza mlio wa kupasukapasuka badala ya ule mfululizo, na tazama vitundu mwanzoni mwa mshono.

Ganda likimegeka upande mmoja, tao litaelemea upande huo, na hilo halihusiani na unyevu. Katika hali hiyo choma hadi upite mmegeko kwenye kipande cha chuma chakavu, kisha endelea na sehemu nzima iliyobaki.

Rodi zilizotumika nusu zina bomba lake. Ncha ya E7018 iliyozimwa hufunikwa na slagi ngumu kama kioo na haiwaki hadi uivunje, kwa hiyo ikichanganywa na mpya itakukwamisha katikati ya kazi. Kipande kilichobaki na sentimita 5 kiingie kwenye kopo la chuma chakavu, kwani hapo joto limekwisha kufika kwenye kishikio na maandishi yanakaribia kuungua.

Vipande hivyo vikiwa bado vya moto, kopo lake liwe la chuma na liwe mbali na kabati ya rodi.